Tiketi ninayo, mbona bado niko nje ya geti?

Swali: "Tarehe 26 Desemba niliwapeleka watoto wangu watatu na wawili wa dada yangu kwenye bustani moja ya michezo karibu na Kisumu. Tiketi nilikuwa nimezilipia kwa simu siku mbili kabla, nikidhani nimejiokoa. Tulifika saa sita kasoro mchana, tukaingia saa tisa kasoro. Getini pana madirisha sita, yaliyokuwa wazi ni mawili. Kila nikiuliza naambiwa, 'Sistimu iko chini, mama, vumilia.' Kitinda mimba wangu alilala mgongoni kabla hajaiona hata bembea. Nataka kujua: huu ni uzembe, ni ujanja wa kutusukuma tununue ile tiketi yao ya haraka, au ni sisi tuliokosea siku? Kwa nini wasifungue tu geti tuingie? Na kwa kuwa watoto wameshaahidiwa kurudi Pasaka, nifanyeje?" Mama wa watatu, Nyamasaria.

Jibu:

Mama wa watatu, pole, na pole zaidi kwa huyo aliyelala mgongoni. Mimi kazi yangu imekuwa mageti kwa miaka mingi: viwanja vya mpira, maonyesho ya kilimo, matamasha ya Nakuru na Kisumu, na harusi chache za wakubwa ambazo wageni wake walikuwa wengi kuliko mashabiki wa derbi. Maneno "sistimu iko chini" nimeyasikia sana na, nikiri, nimeyasema mwenyewe. Kwa hiyo sitamtetea mtu hapa. Sistimu ilichangia, hilo sikatai. Lakini foleni yenu ilikwisha kuamuliwa ofisini siku kadhaa kabla, wakati mtu alipoandika majina mawili kwenye ratiba ya madirisha sita.

Chukua kalamu tupige hesabu. Namba ni zangu za mfano, si za bustani mliyoenda, ila zitakuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Tuseme keshia mmoja huichukua familia moja sekunde 30: anasoma tiketi, anahesabu vichwa, anafunga bangili za karatasi mikononi, anasema karibuni. Hapo anahudumia familia 120 kwa saa, na wawili wanahudumia 240. Sasa tuseme kati ya saa nne na saa sita familia 400 hufika kila saa. Kila saa inayopita, familia 160 hubaki nje. Ikifika saa sita, zimejipanga familia 320 getini, na yule wa mwisho atasubiri saa moja na dakika 20.

Hapo sistimu haijaharibika bado. Inafanya kazi sawasawa kabisa.

Sasa mtandao uwe mzito kidogo, kila familia ichukue sekunde 45 badala ya 30. Sekunde 15 tu, muda wa kukohoa na kuomba radhi. Keshia mmoja anashuka hadi familia 80 kwa saa, wawili 160. Saa sita ikifika, nje kuna familia 480, na aliyefika wakati huo atasubiri muda wa saa tatu kamili. Ndiyo safari yenu hiyo, karibu dakika kwa dakika.

Tuigeuze. Acha mtandao uwe mzima, ongeza keshia mmoja tu, wawe watatu. Wanahudumia 360 kwa saa, wanabaki nje 40 kila saa, na aliyefika saa sita anasubiri dakika 13. Mtu mmoja amefuta zaidi ya saa nzima. Na mtandao ukiwa mzito, huyo huyo wa tatu anairudisha foleni kutoka saa tatu hadi saa moja na dakika 20. Sijui uwekezaji mwingine wa siku moja wenye faida ya namna hii, na bado kila sikukuu namkuta meneja anayeniambia ameamua "kubana matumizi" getini.

Wengi hudhani keshia akipunguza kasi kidogo, foleni nayo itarefuka kidogo. Sivyo. Geti ni kama mtaro wa Nyamasaria wenyewe: maji yakiwa chini ya ukingo huoni kitu, yakiupita kwa kidole kimoja yako sebuleni kwako. Mtu wa kwanza kuiandika hesabu hii vizuri alikuwa Mdenmarki, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Andiko lake la mwaka 1909 lilihusu simu zinazoingia kwenye mitambo, maana mteja anayengoja laini na mama anayengoja bangili ni kitu kimoja kwa mwanahisabati. Katika mfano rahisi kabisa wa hesabu hizo, dirisha moja likiwa na kazi kwa nusu ya muda wake, anayefika husubiri kwa wastani muda wa kuhudumiwa mtu mmoja. Likiwa na kazi asilimia 80 ya muda, husubiri muda wa watu wanne. Asilimia 90, watu tisa. Asilimia 95, watu kumi na tisa. Kutoka 90 hadi 95 keshia mwenyewe haoni tofauti, anaona tu kwamba leo amechoka. Foleni ndiyo inayojua.

Ndiyo maana meneja anayepita saa tatu asubuhi akamkuta keshia anachezea simu hukosea anapoona mshahara unapotea bure. Ule uvivu wa saa tatu ndio akiba ya saa tano. Geti lisilo na mtu aliyekaa bure asubuhi halitakuwa na mtu wa kuongeza kasi mchana.

Basi kwa nini wawili? Hapa nisimuonee meneja. Desemba ya magharibi mwa Kenya unaijua. Keshia wako kwao ni Siaya, Vihiga, Busia au Migori, na mama yake anamngoja kama wewe unavyongojwa na wako. Nauli imepanda. Kibarua anayelipwa kwa siku, na mara nyingine analipwa wiki mbili baada ya hiyo siku, hupiga hesabu yake: akitoa nauli ya kuja na kurudi, kinachobaki kinatosha kumfanya aache kuku mezani? Wengine hujibu hapana, na hawapigi simu kusema. Hata anayekuja anachelewa, kwa sababu matatu aliyopanda imejazwa na wateja wenu nyinyi nyinyi.

Na keshia hachukuliwi tu njiani. Ana akaunti yake ya kuingia kwenye mashine, ana chenji aliyokabidhiwa na kuitia sahihi, ameonyeshwa namna ya kufuta tiketi iliyokosewa. Madirisha manne yakiwa tupu, huwezi kumvuta mwosha magari akakae hapo.

Tatizo hili si letu peke yetu. Baada ya janga la korona, bustani kubwa za Marekani zilifungua milango 2021 zikakuta wafanyakazi wa msimu hawarudi. Cedar Point ya Ohio, bustani kongwe yenye jina, ilifunga baadhi ya siku za katikati ya wiki mwezi Juni mwaka huo kwa kukosa watu, ikapandisha malipo hadi dola 20 kwa saa ndipo wakaja. Nasifu kimoja hapo: walikiri hawana watu, wakapunguza siku, badala ya kuuza tiketi zote na kuwaacha wateja wajionee getini.

Dawa ya bei nafuu ipo na haihitaji dola 20. Saa nne hadi saa sita, ndani ya bustani hakuna kazi, kwa sababu wateja wote wako nje! Anayeendesha treni ya watoto amekaa. Anayelinda bwawa anatazama maji matupu. Yule wa kasri la kurukia anajipiga picha. Wafundishe hawa kazi ya geti mwezi wa Novemba, watoe wote nje kwa saa mbili hizo, kisha warudi ndani pamoja na umati. Nilipolipendekeza hili mahali fulani Nakuru, mkuu wa rasilimali watu aliniambia si kazi iliyoandikwa kwenye barua zao za ajira. Nikamwambia foleni haisomi barua. Hakucheka, lakini Pasaka iliyofuata niliwaona wa bwawa getini.

Sasa sistimu. Ulipolipa kwa simu siku mbili kabla ulidhani umenunua kasi. Ulichonunua ni tiketi tu. Aliyelipa kabla humaliza dirishani kwa sekunde chache, asiyelipa humaliza kwa dakika nzima na zaidi: anauliza bei, anahesabu watoto, anabishana kama wa miaka mitatu ni bure, anatafuta namba ya kulipia, anaingiza namba ya siri, mnangoja ujumbe. Mkiwekwa mstari mmoja, wewe wa sekunde chache unatembea kwa mwendo wa yule wa dakika. Kosa kubwa walilokufanyia, kwa maoni yangu, ni hilo. Lilihitaji kamba na kibao tu: WALIOLIPA HUKU.

Ukisikia sistimu iko chini, mara nyingi haiko chini. Ni nzito. Njia yake ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Keshia anaelekeza skana kwenye simu yako, msimbo wa QR unasomwa, unapita kwenye ruta ya bustani, unatoka kwenye intaneti hadi seva iliyo Nairobi au ng'ambo, seva inaangalia kama tiketi hii imeshatumika, jibu linarudi njia ile ile. Kila hatua inaweza kukwama. Skrini yako ina ufa. Umepunguza mwanga kuokoa chaji, na jua la Kisumu la saa sita halipatani na skrini hafifu. Tiketi ilitumwa kwa WhatsApp na shemeji, ikabanwa hadi msimbo ukawa ukungu. Umeme umepepesa kidogo, ruta imejizima na inajiwasha upya, dakika kadhaa zimekwenda.

Halafu kuna mnara wa simu. Siku ya kawaida mnara ule unahudumia shamba, duka na bodaboda watatu. Tarehe 26 Desemba kuna maelfu ya simu mbele ya geti moja, na kila mwenye kuchoka foleni anafungua video. Wasiolipa wanajaribu M-Pesa kwa wakati mmoja. Lile dirisha dogo la kuomba namba ya siri linachelewa kuruka, au linaruka mteja akiwa amekata tamaa na kuanza upya. Foleni yenyewe inaula mtandao unaotakiwa kuimaliza. Ndiyo sababu sistimu iliyojaribiwa Jumanne moja ofisini, kwenye waifai nzuri, na watu watano, hupita mtihani kwa alama zote na kuanguka siku ya kwanza ya kazi.

Keshia naye anaizidishia mzigo. Mduara ukizunguka kwenye kioo bila jibu, anasoma tiketi tena, na tena. Kila mara ni ombi jipya kwenye njia iliyoziba. Akishindwa, anakuomba ujumbe wa M-Pesa. Ukimwonyesha, haamini, na ana haki: ujumbe bandia wa M-Pesa umeshawatia hasara wenye maduka wengi nchini, na ikikosekana pesa jioni inakatwa kwake. Anamwita msimamizi. Msimamizi ni mmoja kwa geti lote, na sasa hivi yuko dirisha la pili na mzozo mwingine. Hapo ndipo foleni yenu ilipofia hasa. Mashine ilikwama kwa sekunde, ruhusa ya binadamu ilikwama kwa dakika.

Kwa mwenye bustani anayesoma hapa: skana nzuri lazima iweze kufanya kazi bila mtandao. Asubuhi kila kifaa kinapakua orodha ya tiketi zote zilizouzwa kwa siku hiyo, kinaweka alama kwenye kila inayopita, kisha vinalinganisha mtandao ukirudi. Atatokea mjanja aliyemrushia rafiki tiketi ile ile akapita dirisha lingine. Acha apite. Hasara ya wajanja kumi ni ndogo kuliko ya familia mia mbili ambazo hazitarudi. Kama mashine yako haiwezi hivyo, chapisha orodha kwenye karatasi, ipange kwa herufi, mpe kila keshia rula na kalamu nyekundu. Na mpe keshia uwezo wa kumpitisha mtu kwa hiari yake, idadi fulani kwa siku, bila kuita mtu. Julai 2023, eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma na malipo mtandaoni, iliposhambuliwa na wadukuzi, nchi nzima ilijifunza maana ya kupitisha huduma zote kwenye mlango mmoja. Hifadhi kama ya Ziwa Nakuru, zilizoacha kupokea pesa taslimu na kuelekeza malipo kwenye mlango huo huo, ni mfano wa jinsi jambo zuri linavyohitaji mlango wa pili.

Kuna kitu hukukitaja nami nina hakika kilikuwepo: upekuzi. Tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013, hakuna geti la umma nchini lisilopekua mifuko, na ni sawa. Lakini askari wa kike huwekwa mmoja, wa kiume wawili au watatu, na wateja wa bustani ya watoto ni akina mama. Niliwahi kusimama kwenye lango moja la tamasha Nakuru na saa mkononi, nimeitwa kutibu "tatizo la mashine". Tiketi ilikuwa inasomwa kwa sekunde nane. Kilichokula muda kilikuwa sufuria. Sheria ya mahali ilikataza chakula kutoka nje, na mama wa Kenya hatoki na watoto watano bila chapati, mayai na soda ya lita mbili. Kila mfuko ulizaa kesi. Mmoja aliamua kuilisha familia yake yote pale pale mlangoni, mbele ya askari, mpaka kontena likaisha, na nyuma yake watu wanamshangilia. Sheria hiyo wangeiandika kwenye ujumbe wa tiketi, si kwenye ubao ulio getini penyewe, kazi yangu ingekwisha kabla sijaitwa.

Mashine ile hawakuibadilisha. Walitafuta askari wa kike wawili zaidi.

Umeuliza kwa nini wasifungue tu geti. Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu jibu lake lina makaburi. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, Uingereza, mashabiki 10,100 wa Liverpool wenye tiketi za kusimama walipangiwa mageti saba tu ya kuzunguka. Mwongozo wa usalama wa viwanja vya Uingereza hauruhusu kuhesabu zaidi ya watu 660 kwa saa kwa geti moja la namna hiyo, kwa hiyo piga mwenyewe: zaidi ya saa mbili hata kila kitu kikienda sawa. Hakikwenda. Msongamano nje ukawa wa kutisha, polisi wakaamuru lango kubwa la kutokea lifunguliwe. Watu wakamiminika kwenye njia ya chini iliyowapeleka moja kwa moja kwenye vizimba vya katikati, vilivyokuwa vimeshajaa. Walikufa watu 97. Kwa miaka mingi mashabiki walilaumiwa, mpaka baraza la uchunguzi wa vifo lilipotamka mwaka 2016 kwamba hawakuwa na kosa.

Bustani ya watoto si uwanja wa mpira, najua. Lakini ukifungua lango mbele ya watu waliochomwa na jua kwa saa mbili, wanakimbia, na wanaokimbia mbele ni warefu kuliko mwanao. Kilichotakiwa ni kupunguza kazi ya geti bila kuliondoa: muhuri wa wino mkononi badala ya bangili, macho badala ya skana, watu ishirini ishirini, kamba ikiwa bado imeshikwa.

Kuhusu ujanja wa tiketi ya haraka sitasema mengi. Geti lina uwezo wake. Anayeuziwa nafasi ya mbele, nafasi hiyo imetoka kwa mtu wa nyuma. Disney walipoanzisha FastPass mwaka 1999 ilikuwa bure kwa kila mwenye tiketi. Waliporudi na mfumo mpya mwaka 2021, ukawa wa kulipia. Ni biashara, na haina haja ya njama. Mimi huangalia kitu kimoja tu: keshia wa dirisha la haraka akikosa mteja, anafanya nini? Akiita watu wa foleni ya kawaida, hiyo ni huduma. Akikaa anatazama kucha zake huku mtoto wako analala mgongoni, basi ile foleni ndefu ndiyo tangazo lao.

Tena kuna jambo la kauli. David Maister, mwalimu wa mambo ya huduma, aliandika mwaka 1985 kwamba kusubiri usikoelezwa sababu huonekana kurefu kuliko kulikoelezwa, na kusubiri kwa dhuluma kurefu kuliko kwa haki. Wakenya hatukuhitaji kuambiwa hilo. Taifa lililopiga kura ya mlolongo mwaka 1988, wapiga kura wakijipanga mstari nyuma ya mgombea wao, likaona mistari mirefu ikishindwa na mifupi, linajua foleni ya dhuluma inavyouma. "Vumilia" si maelezo. "Mama, mtandao ni mzito, mko kama saa mbili kutoka dirishani, choo kiko pale, maji yanauzwa hapa" ni maelezo, na hayagharimu kitu.

Haya, Pasaka.

Jumatatu ya Pasaka ndiyo ndugu wa 26 Desemba. Ukiweza, nenda Jumamosi. Fika nusu saa kabla ya kufunguliwa, hata kama itabidi watoto wanywe chai kwenye matatu. Unakumbuka hesabu yetu: foleni hujengwa kati ya saa nne na saa sita, na kila nusu saa unayowahi inakuondolea familia nyingi mbele yako. Usiwaze kwenda alasiri ukidhani umati umepungua. Ni kipindi cha masika, na mvua ya Kisumu hupenda jioni. Utaingia na wingu.

Lipa siku kabla, ukiwa nyumbani penye mtandao, kisha usiiache tiketi kwenye WhatsApp au kwenye barua pepe inayohitaji data kufunguka. Piga picha ya skrini, tena nenda saiba ukaichapishe. Karatasi haiishiwi chaji na hailumbani na jua. Tiketi zote zishikwe na mtu mzima mmoja, na simu iliyolipia iwe mkononi mwako, si kwa mumeo aliyebaki Nyamasaria, maana wakitaka kuhakiki watauliza jina na namba ya aliyelipa. Andika ile namba ya muamala kwenye kikaratasi. Chakula, uliza mapema kama kinaruhusiwa. Kama hakiruhusiwi, kiliwe kabla, usitegemee huruma ya askari. Ukikuta mstari mmoja kwa wote, mtume dada yako mbele akaulize kwa upole kama kuna dirisha la waliolipa. Mara nyingi lipo na halina kibao.

Pesa zako za Desemba je? Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 inaifafanua. Waandikie kwanza wao, ukitaja saa ya kufika, saa ya kuingia na namba ya muamala. Omba tiketi za kurudi, kwa kuwa hizo huwatoka kirahisi kuliko fedha. Wakinyamaza, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja. Mimi ningeanza na barua ya heshima. Mameneja wengi wa mageti huijua aibu yao.

Na ukifika Pasaka ukute tena watu wamefurika mpaka barabarani, usijiunge kabla ya kuhesabu. Simama pembeni dakika kumi, hesabu familia zinazoingia ndani. Kisha kadiria zilizo nje, kumi kumi kwa macho. Gawanya za nje kwa zilizoingia, zidisha kwa kumi, ndizo dakika zako. Katika mfano wetu wa saa sita, ungeona familia 27 zikiingia kwa dakika kumi na 480 zikiwa nje: dakika kama 178. Saa tatu kasoro kidogo. Ungekuwa na picha za skrini za tiketi zilizolipwa, watoto watano wenye njaa, na ufuo wa Dunga si mbali, samaki akitoka motoni. Ungebaki kwenye hiyo foleni?